Makochi ya Bwana Willem

Ujumbe wa Anneke ulinikuta Buswelu, nimekaa barazani napeta mchele, miwani imenishuka puani. Aliandika kwa Kiingereza, sentensi tatu tu, maana hakuwa mtu wa maneno mengi hata enzi zile. Willem amefariki Jumanne. Hakuumwa muda mrefu. Mpaka siku za mwisho alikuwa akiuliza kama uliwahi kumpata yule mama. Nilisoma mara mbili, kisha nikailaza simu juu ya mchele kwenye ungo, kifudifudi. Binti yangu akauliza kutoka ndani, "Mama, kuna nini?" Nikamjibu kwamba hakuna kitu. Kwa habari za Willem ulimi wangu umezoea kudanganya, hata mwenyewe akiwa maiti. Yule mama namjua. Siku zote nilijua anakaa wapi. Naandika sura hii kwa sababu hiyo, na anayetaka kunihukumu ana ruhusa, lakini anisikilize kwanza mpaka mwisho.

Mambo ya nilizaliwa wapi na nani alinisomesha nayaruka, hayana kosa lolote katika habari hii. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mpiga chapa katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara pale Mwanza, enzi zile viwanda vya samaki vilipokuwa vikiota kandokando ya ziwa. Kampuni ilikuwa imemleta Mholanzi kuwa mkuu wa ubora, mtu wa kuhakikisha minofu inafika Ulaya haina doa. Kabla yake walikuwa wameletwa wageni wawili, na wote walifungasha virago kabla ya mwaka kuisha. Mmoja mke wake aligoma kushuka mlimani kwenye nyumba ya kampuni, mwingine aligombana na kila mtu hadi na mlinzi wa geti. Afisa utumishi akaniita ofisini. "Leokadia," akasema, "wewe Kiingereza chako kimenyooka. Utahamia kwa hawa watu, chumba cha uani kipo. Umfundishe mama yule mji, umsaidie bwana na lugha. Wakizoea, wewe ni katibu muhtasi. Wakishindwa, utarudi Mkuyuni kwenu na hiyo taipu hutaiona tena." Basi kuzoea kwao kukawa ndiyo kazi yangu. Nilimfikiria Willem na mkewe kama mtu anavyofikiria mche alioupanda kwenye mwamba, kila asubuhi unautazama kama umeshika.

Nyumba yenyewe ilikuwa juu ya mlima, ya kampuni, mawe makubwa nyuma yake na ziwa lote mbele. Sebuleni palikuwa na makochi manne ya kijani, ya mahameli, mazito ajabu, ambayo hakuna mtu aliyeyakalia zaidi ya wao wawili. Mambo yao mengine niliyaona ya kuchekesha, mengine yalinitisha. Jumapili saa nne walikunywa kahawa, Anneke akafungua kopo la biskuti, kila mtu akachukua moja, kopo likafungwa. Siku ya kwanza nilisubiri lifunguliwe tena mpaka kahawa yangu ikapoa. Chooni walikuwa wametundika kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu zao wote, wajomba, mashangazi, mama mzazi wa Willem, ukikaa unatazamana nao. Nilipowasimulia wanawake wa kiwandani, walicheka hadi wakashika meza. "Mzungu kafungia ukoo wake chooni!" akasema mmoja, na ule msemo ukazunguka kiwanda kizima. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ndivyo wanavyomkumbuka mtu kwao, kwamba mahali pale kila mmoja hupita kila siku na kusoma jina. Lakini nilipoelewa tayari nilikuwa nimeshachekesha watu.

Kazini Willem alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alivaa koti jeupe, kipimajoto mfukoni, akalala kifudifudi sakafuni kuchungulia mfereji wa maji machafu, kitu ambacho hatukuwahi kumwona bosi akifanya. Saa sita na nusu alijifungia ofisini akala vipande viwili vya mkate na jibini, peke yake. Wanawake wa minofu waliamini mkewe amemkasirikia, wakawa wananiuliza kwa huruma, "Bado hawajapatana?" Hakusalimia akipita. Si kwa dharau, kichwa chake kilikuwa kimejaa joto la barafu na idadi ya vijidudu. Ila huku mtu akipita asubuhi kimya watu wanajiuliza wamemkosea nini. Alipopiga marufuku vilemba kwenye meza za kukatia, akaleta kofia za plastiki bila kuzungumza na mtu, wanawake walinung'unika wiki nzima. Msimamizi mmoja, wa kujipendekeza, akamnong'oneza kwamba wanapanga mgomo. Neno hilo lilimkaa Willem kichwani. Nilimsikia mezani akimwambia Anneke kwamba ipo siku watamjia.

Mkubwa wa wanawake wale, kwa heshima tu, bila cheo cha karatasi, alikuwa Mama Shija. Mama wa makamo kutoka Busisi, ng'ambo ya Kigongo, mikono imepasuka kwa barafu, kisu chake kinapita kwenye sangara kama kinapita kwenye maziwa ya mgando. Yeye ndiye aliyeniuliza kila Jumatatu, "Mgeni wetu hajambo? Anakula?" Nikimwambia Anneke hali vizuri, kesho yake ananipa fungu la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, nimpelekee. Anneke alivitafuna kwa adabu, akivitazama kama vipande vya mbao. Miezi miwili ya mwanzo alishuka nami sokoni, akajifunza kuhesabu, akajifunza shikamoo akawa anawaamkia hadi watoto wadogo. Kisha akaacha. Akawa anakaa dirishani kutazama pimbi wakiota jua juu ya mawe. "Leokadia," aliniuliza siku moja, "kwa nini hakuna anayekuja?" Aliwahi kuwaandikia wake za mameneja kadi, Alhamisi saa kumi chai, na walikuja, wakanywa, wakala biskuti mojamoja, hawakurudi. Yeye alisubiri watu waweke miadi. Watu wetu nao walisubiri geti liwe wazi, maana huku mgeni haombi nafasi, anapiga hodi. Nilikuwa katikati, nikiona pande zote mbili zikingojana, na sikujua niseme nini. Alikonda. Nikaanza kuiota ile taipu.

Simu ilipigwa asubuhi moja ya masika, mama yake Willem amefariki ghafla. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia Willem akisema maneno machache kwa Kiholanzi, kikombe kikawekwa mezani polepole, kisha gari likawashwa. Akaenda kazini. Nilidhani sikuelewa. Anneke akaja jikoni amevaa gauni la kulalia, akaniambia, na akaongeza kwamba Willem hataenda kuzika, kwa sababu wiki ile wakaguzi wa Ulaya wanakuja, na kwamba nisimwambie mtu kiwandani. Akitaka atasema mwenyewe. "Huomboleza peke yake," akasema. "Ndivyo alivyo." Nikamtazama mwanamke yule, nikatazama sebule ile na makochi yake manne matupu, nikaogopa. Mtu amefiwa na mama, halafu anapima joto la barafu? Kwetu msiba ukiwa mbali, mnaukalia hapo hapo mlipo. Mwili unaweza kuwa Dar au Musoma au mbinguni, nyumba ya mfiwa ndiyo nyumba ya msiba, na mfiwa haachwi peke yake, hata akisema anataka. Hasa akisema anataka. Saa tano nilitumwa kiwandani kupeleka karatasi, nikasimama mezani kwa Mama Shija, nikamwambia.

Sitasingizia kwamba maneno yalinitoka tu. Nilikusudia. Nilitaka waje. Nilifikiri kwamba wakiingia mle ndani mara moja tu, wakalia mara moja tu, Willem na mkewe wangeshika mizizi, Anneke angepata mashoga, na mimi ningepata cheo changu. Vyote viwili nilivitaka, na hadi leo siwezi kukuambia kipi kilitangulia.

Zamu ya asubuhi ilipotoka, walikuja. Walipanda mlima kwa miguu, kanga mabegani, mmoja na sufuria kichwani, mmoja na mchele, wengine mikeka, wanaume wanne nyuma na kuni. Mlinzi wa geti alipoambiwa ni msiba akavua kofia na kufungua. Mama Shija akamkuta Anneke mlangoni, akamkumbatia, akamshika kichwa akakilaza begani kwake. Anneke alisimama kama mti. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akalia, akalia kilio cha miezi yote ile, na nadhani hakikuwa cha mama mkwe peke yake. Wanaume wakafanya kinachofanywa. Walibeba makochi, moja baada ya jingine, wakayatoa nje kwenye majani, meza nayo, ili mikeka ipate nafasi na watu wakae chini pamoja na mfiwa. Sebule ilionekana kubwa kumbe. Wanawake wakajaa, miguu wameinyoosha, mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Uani moto ukawaka. Nilisimama mlango wa jikoni nikiwatazama, na ninasema kweli, sijawahi kuiona nyumba ile ikiwa nzuri vile.

Gari la Willem likaingia saa kumi. Siku hizi najilazimisha kuona alichokiona yeye. Geti wazi. Wafanyakazi wake uani, moto unawaka. Vitu vya nyumba yake vimetupwa nje. Ndani watu hamsini, na mke wake sakafuni, uso umevimba kwa kulia. Akashuka mbio, akapiga kelele ambazo hakuna aliyezielewa, akampita kila mtu, akamwinua Anneke kwa mkono, akashika simu akaita kampuni ya ulinzi. Nyimbo zikakatika. Anneke alikuwa anamwambia kitu kwa Kiholanzi, tena na tena, hasikii. Akanigeukia. "Waulize nani amewaleta. Nani amewaambia." Nikatafsiri. Unasikia kuni tu zikilia. Mama Shija akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyepanda juu ya kitu na huna uhakika kama atashuka salama. "Mwambie nilisikia mwenyewe," akasema. "Watu nimewaleta mimi. Na umwambie hivi: mama yake ni mama yetu, hatuwezi kumwacha alie peke yake kama hana watu. Viti tumetoa ili tukae naye chini. Mwambie vizuri, mwanangu, usiruke neno."

Nikamgeukia Willem. Nikasema kwa Kiingereza, "Anaomba msamaha. Wanaondoka."

Walinzi walipofika na virungu, wanawake walikuwa wameshakunja mikeka. Walishuka mlima kimya, wakiacha wali umeiva kwenye sufuria. Usiku wenyewe sitausimulia. Kesho yake Anneke alikataa makochi yasirudishwe ndani. Yalikaa nje siku tatu, na mvua ikanyesha siku zote tatu, mahameli yakavimba yakaanza kunuka, na pimbi wakajifunza kulala chini yake. Alikalia mkeka mmoja uliosahaulika, Willem akala chakula kwenye stuli ya jikoni. Willem alipomuuliza nani alitoboa siri, Anneke akajibu kwamba yeye hakumwambia mtu. Kisha akanifuata jikoni, akafunga mlango. "Najua ni wewe," akasema. "Ukiondoka wewe, mimi nitabaki na pimbi." Hatukuliongea tena. Wiki hiyo hiyo kampuni ikamwachisha kazi Mama Shija, kwa kuongoza watu kuvamia nyumba ya kiongozi. Barua iliandikwa kwa Kiingereza, ikaletwa kwangu niigeuze Kiswahili. Niliitafsiri yote, na safari hiyo sikuruka neno.

Kiwandani hakuna aliyegoma. Walimfanyia kitu kingine, walimheshimu. Shikamoo zikawa nyingi, ndiyo bwana zikawa nyingi, kofia za plastiki zikavaliwa hadi masikioni, na hakuna aliyemwambia jambo lolote tena. Mashine ikikohoa, wanamtazama. Barafu ikipungua, wanamtazama. Aliyekataa msiba wake hana tena ndugu wa kumtonya. Mimi waliniita dada kama zamani, lakini nikifika mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Walijua. Mama Shija hakusema, ila watu wale hawakuwa wajinga.

Miezi mitano baadaye dereva wa kampuni alifiwa na baba yake, Mkuyuni. Anneke akasema yeye anakwenda, Willem atake asitake. Tukaenda watatu. Nyumba ilikuwa ndogo, uwanja wake mwembamba, na pale nje, ukutani, yalikuwa yamepangwa makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, meza, kabati la vyombo, hadi redio. Ndani wanawake kwenye mikeka. Willem alisimama mlangoni. Aliyatazama makochi, akatazama ndani, akayarudia makochi. Mtu akamletea kiti cha plastiki, hakukiona. Kisha akanigeukia, uso mweupe kama karatasi, akasema neno moja tu, "Leokadia." Nikainamisha kichwa. Willem akaingia ndani, mzee wa watu, na suruali yake ya kitambaa, akakaa chini, akakaa mpaka jioni. Na pale kwenye mkeka wa watu, akamlilia mama yake.

Keshoye akaniita. Alitaka twende kwa Mama Shija, yeye na mimi, amwombe radhi mbele ya watu wake na kumrudisha kazini. "Ni wapi kwao?" akauliza, kalamu mkononi. Nilipajua. Unafika Kigongo, unavuka na kivuko, Busisi ukiuliza kwa Mama Shija unapelekwa hadi mlangoni. Lakini wangekaa wawili wale uso kwa uso, mimi katikati natafsiri, na swali la kwanza lingekuwa lile lile: nani aliwaambia? Halafu la pili: kwa nini siku ile nilisema anaomba msamaha? Cheo kilikuwa kimeshaahidiwa. Nikasema, "Alihama. Nasikia yuko upande wa Geita, machimboni, hakuna anayejua." Akaandika, Geita. Aliniomba niendelee kuulizia, nikaitikia. Mkataba wake ulipoisha hawakuurefusha, wala yeye hakuomba. Uwanja wa ndege alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Utanitafutia, siyo?" Nikasema nitamtafuta. Nikapata cheo. Nikakaa nacho miaka kumi na minne, na kiti chake sikukifurahia hata siku moja, ingawa sikukiacha.

Siku ya pili baada ya ujumbe nilikodi gari. Pale Kigongo siku hizi kuna daraja, unapita juu ya maji kwa dakika chache, dereva hata hapunguzi mwendo. Nilikuwa nimejiandaa kungoja kama zamani, nipange maneno, ila ng'ambo ilifika kabla sijapata hata la kwanza. Nilimkuta amekaa kivulini mwa nyumba ya mwanawe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, fimbo magotini. Macho yamefifia. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Ni Leokadia. Wa kiwandani." "Marahaba," akasema, akaitafuta mikono yangu, akaishika, akaipapasa kama anayekagua kitambaa. Nikamwambia yote bila kupumzika. Kwamba mimi ndiye niliyeleta habari nikanyamaza. Kwamba maneno yake sikuyafikisha. Kwamba yule mzungu alimtafuta kwa nia njema, na nikamwelekeza Geita. Alisikiliza hadi mwisho, na mikono hakuiachia.

"La kwanza nilikuwa nalijua," akasema. "La pili nililiona mdomoni mwako, yalikuwa maneno machache mno. Hili la tatu sikulijua. Nimeishi nikidhani mtu yule alitufukuza na moyo wake ukatulia." Nikaanza kusema nisamehe, akanizuia. "Kivuko kilikuwa kinavuka kila siku, Leokadia. Kila siku, asubuhi mpaka jioni." Ni kweli kilikuwa kinavuka.

Mkwewe alipita na ndoo, akatusalimia, akaona tunalia, akaendelea na njia yake kwa adabu. Mama Shija akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Na mama yake," akauliza, "alikuwa anaitwa nani? Siku ile tulikwenda kumlilia mtu ambaye hata jina hatukupewa."

"Hendrika," nikasema. Nililijua. Nilikuwa nimelisoma kila siku kwa mwaka mzima, kwenye ile kalenda niliyoicheka.

"Hendrika," akarudia, akilionja. "Na yeye mwenyewe Wilemu, amekufa lini?"

"Jumanne, mama."

"Amezikwa?"

"Watamzika kesho, huko huko kwao. Nilimuuliza Anneke."

Akakusanya fimbo yake, akajiinua, nikamshika kiwiko. "Mambo yako wewe tutayaongea, wala usidhani yamekwisha," akasema. "Lakini kwanza tuna msiba." Akageukia mlango, akapaza sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu enzi za meza za minofu. "Kabula! Njoo, mwanangu. Tumefiwa. Toeni viti."

Kabula akatua ndoo, akaingia ndani bila kuuliza amekufa nani. Nikavua viatu nikamfuata. Kochi lilikuwa moja tu, la mbao, limechakaa, zito kuliko lilivyoonekana. Yeye akashika upande mmoja, mimi nikashika wa pili, tukalitoa nje.